Mtoto Aliyeshonwa Umio: Matunzo Yake Miaka Yote

Wako watoto wachache wanaozaliwa hali njia yao ya chakula imekatika. Zamani wote walikufa baada ya siku chache. Leo wengine hupasuliwa, hushonwa, wakarudi nyumbani mikononi mwa mama zao, na nyumba nzima hufurahi. Ni haki kufurahi. Lakini wazazi wengi hufikiri ya kuwa kovu likipona, kazi imekwisha. Sivyo. Munganga amefungua njia. Kuilinda njia hiyo ni kazi ya wazazi, na baadaye ni kazi ya mtoto mwenyewe, mpaka uzee wake.

Somo hili ni kwa ajili ya nyumba zenye mtoto wa namna hii. Ni kwa ajili ya majirani na walimu pia, maana mtoto huyu hali nyumbani kwao tu.

UMIO NI NINI?

Ndani ya shingo na kifua yamo mabomba mawili. La mbele hupitisha pumzi kwenda mapafuni. La nyuma hupitisha chakula kwenda tumboni, nalo huitwa umio. Umio si kama bomba la chuma la kiwandani. Ni nyama hai. Mtu akimeza, umio hujikaza kidogo kidogo toka juu kwenda chini na kusukuma tonge mbele yake. Kwa sababu hiyo mtu aweza kumeza hata akiwa amelala. Chini kabisa, penye tumbo, pana kama mlango unaojifunga ili maji makali ya tumbo yasipande juu.

Katika watoto 2,500 mpaka 4,500 wanaozaliwa, mmoja huzaliwa na umio uliokatika. Kipande cha juu huishia kama mfuko usio na tundu. Kwa wengi wao kipande cha chini kimeshikamana na bomba la pumzi. Basi maziwa hayafiki tumboni, na maji makali ya tumbo hupanda mpaka mapafuni.

Dalili zake huonekana siku ile ile ya kuzaliwa. Mtoto hutoa mate na povu bila kukoma. Akinyonya mara ya kwanza husongwa, hukohoa, na midomo yake hugeuka rangi ya buluu. Mkunga akipitisha mpira mwembamba kinywani, hukwama kabla ya kufika tumboni. Mama, ukiona hayo, usimpe titi tena, wala maji, wala dawa ya kienyeji. Apanguswe mate, afunikwe apate joto, kichwa chake kiinuliwe kidogo, apelekwe hospitalini upesi.

WALIOPONA NDIO WALIOTUFUNDISHA

Ugonjwa huu si mpya. Munganga Thomas Gibson wa Uingereza alieleza habari zake katika mwaka 1697. Lakini kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi wanganga walijua jina la ugonjwa tu, hawakujua kuuponya. Katika 1939 watoto wawili wa Marekani waliokolewa kwa kupasuliwa mara nyingi. Tarehe 15 Machi 1941, katika mji wa Ann Arbor, Marekani, munganga Cameron Haight alimpasua mtoto mchanga wa kike, akaunganisha ncha zote mbili kwa mara moja, na mtoto akaishi. Hata hivyo kiungo cha mtoto huyo kilivuja kwanza, kisha kikawa chembamba hata ikabidi kipanuliwe.

Tangu hapo watoto wengi wameshonwa, wakakua, wakaoa na kuolewa, na wengine sasa ni wazee. Kwa kuwatazama hao miaka mingi, wanganga wamejifunza neno hili: umio ulioshonwa hupitisha chakula, lakini hauwi sawasawa na umio wa watu wengine.

Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 9 katika 10 wenye ugonjwa huu huishi. Kwetu sivyo. Katika 2021 wanganga wa nchi 74 walitangaza hesabu ya hospitali 264, juu ya watoto waliozaliwa na kasoro za namna saba za njia ya chakula na tumbo, na umio uliokatika ni mojawapo. Katika nchi tajiri walikufa pungufu ya watoto 6 katika 100. Katika nchi maskini walikufa karibu 40 katika 100. Basi mtoto wa kwetu aliyepona amepita mlango mwembamba sana. Yafaa tusimpoteze baadaye kwa ajili ya kipande cha nyama, au kwa kikohozi kilichodharauliwa.

KWA NINI MATATA HUBAKI?

Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni kovu. Fundi wa baiskeli akibandika kiraka kwenye mpira, mpira hushika upepo tena, lakini pale penye kiraka hapanyumbuki kama zamani. Kovu la umio ni vivyo hivyo. Tena kovu hujivuta, na likijivuta njia huwa nyembamba.

Ya pili ni kazi ya kusukuma. Umio wa mtoto huyu haukufanyika vizuri tangu tumboni mwa mama. Nyama zake na mishipa yake ya fahamu ni dhaifu. Kwa hiyo hausukumi tonge sawasawa. Chakula hushuka kwa uzito wake na kwa kusaidiwa na maji. Karibu wote walioshonwa wana udhaifu huu, hata wakiwa watu wazima wenye nguvu.

Ya tatu ni bomba la pumzi. Kwa wengi wao bomba hilo ni laini kuliko kawaida, na mtoto akikohoa au kulia hubonyea.

MATATA YENYEWE

1. Njia kuwa nyembamba. Jambo hili huwapata wengi, hasa katika mwaka wa kwanza. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri huanza kukawia, kutema, kutoka mate mengi, na kukataa chakula kigumu. Usingoje akonde. Munganga humlaza usingizi wa dawa, kisha hupanua mahali pale kwa chombo cha kupanulia. Wengine hupanuliwa mara moja, wengine mara nyingi. Mzazi asivunjike moyo akiitwa tena na tena. Si alama ya kwamba munganga wa kwanza aliharibu kazi. Ni tabia ya kovu.

2. Maji makali kupanda. Ule mlango wa chini haufungi vizuri. Mtoto hutapika mara kwa mara, hulia akiisha kula, huamka usiku akikohoa. Aliye mkubwa husema kifua kinamwaka moto. Maji hayo makali huchoma umio na kuongeza kovu, tena huingia mapafuni. Katika 2016 vyama vya wanganga wa matumbo ya watoto, vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, vilitoa shauri kwamba watoto hawa wote wapewe dawa ya kupunguza ukali huo tangu wachanga, mpaka mwaka mmoja au zaidi. Dawa kama omeprazoli hutolewa kwa kipimo cha munganga. Usiinunue dukani kwa kukisia, wala usiikomeshe kwa sababu mtoto ametulia. Nyumbani, usimlaze mara akiisha kula. Mshike wima kwa muda. Mtoto mkubwa asile karibu na saa ya kulala.

3. Kikohozi cha sauti nzito. Kwa sababu bomba la pumzi ni laini, kikohozi chake hulia kama mbwa anayebweka. Watu hugeuka kanisani na sokoni. Kikohozi hicho chenyewe hakiambukizi. Kwa wengi hupungua wakikua. Lakini mtoto akigeuka buluu, au akiishiwa na pumzi anapokula, huo si mchezo: hospitali upesi.

4. Mapafu kuugua. Maji makali, mate, au chakula huweza kuteleza na kuingia katika njia ya pumzi. Kwa sababu hiyo nimonia humrudia mtoto huyu, hasa katika miaka ya kwanza. Apate chanjo zote. Asikae penye moshi wa makaa wala wa sigara. Huku kwetu Mutoshi na Kolwezi, wakati wa kiangazi, vumbi la barabara za magari ya madini ni jingi. Mtoto huyu asichezee kando ya barabara hizo. Tena angalia: akikohoa kila mara anapokunywa maji au maziwa, huenda lile tundu la zamani kati ya umio na bomba la pumzi limefunguka tena. Hutokea kwa wachache, na dawa ya kikohozi haiwezi kuliziba.

5. Uzito na mifupa. Watoto wengine huchelewa kuongezeka, maana kula kwao ni kazi ngumu. Wapimwe uzito kila mwezi wakiwa wadogo. Kwa kuwa walipasuliwa ubavuni, wengine bega moja hupanda au uti wa mgongo hupinda wanapokua. Mvue nguo mara kwa mara, umtazame mgongo. Tena karibu nusu ya watoto hawa wana kasoro nyingine tangu kuzaliwa, katika moyo, mafigo, njia ya haja kubwa, uti wa mgongo au mikono. Uliza kama hayo yamechunguzwa.

CHAKULA CHA KWETU

Mama wengi huuliza, Je, mtoto huyu atakula bukari? Ndiyo, atakula. Lakini bukari ni chakula kinachoshikamana, na ile yenye unga mwingi wa muhogo huvutika zaidi. Ukimpa tonge kubwa na kavu, litakaa pale penye kovu kama kizibo.

Basi fanya hivi. Bukari yake iwe laini. Tonge liwe dogo, dogo kuliko unavyodhani. Achovye katika mchuzi kila mara. Sombe, lengalenga na kalembula vipikwe mpaka vilainike, majani yakatwe madogo. Nyama ipikwe sana na kuchambuliwa nyuzi nyuzi, au itwangwe. Samaki atolewe miiba yote. Mkate mkavu uloweshwe katika chai. Karanga nzima, mahindi ya kuchoma na vipande vya tofaa visivyomenywa asipewe mtoto mdogo. Karanga zisagwe zitiwe katika mchuzi.

Akae wima anapokula. Atafune sana. Anywe maji kidogo kidogo katikati ya chakula. Kikombe cha maji kwake ni sehemu ya chakula.

Na neno kubwa ni hili: apewe wakati. Huku kwetu watoto hula pamoja katika sahani moja, na mwenye mkono mwepesi ndiye ashibaye. Mtoto mwenye kovu akila hapo atafanya moja kati ya mawili: atameza bila kutafuna akwame, au ataacha aende na njaa. Mpe sahani yake mwenyewe. Si kumpendelea, ni kumlinda. Usimchape kwa sababu ya kukawia. Mtoto anayechapwa penye chakula hujifunza kuogopa chakula, na hofu hiyo huweza kukaa miaka mingi.

CHAKULA KIKIKWAMA

Jifunze kutofautisha mambo mawili.

Kama chakula kimekwama katika umio, mtoto hupumua na aweza kusema, lakini hushika kifua, mate hutoka, hawezi kumeza. Mkalishe wima, mtulize. Kama anaweza kumeza mate, mpe maji kidogo sana, kidogo kidogo. Mara nyingi tonge litashuka. Kama hata mate hayapiti, usimpe kitu chochote, umpeleke hospitalini siku ile ile. Usifanye kama wengi wafanyavyo kwa mwiba wa samaki, kumeza tonge kubwa la bukari ili lisukume. Kwa umio uliopona bila kushonwa, desturi hiyo tayari si nzuri. Kwa umio wenye kovu ni hatari, maana sasa matonge mawili yatakwama badala ya moja.

Kama chakula kimeingia katika njia ya pumzi, mtoto hawezi kukohoa, wala kulia, wala kusema, naye hugeuka buluu. Hapo usingoje gari. Mwinamishe mbele, umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kisimpotoka, simama nyuma yake, umzungushie mikono, ukaze ngumi juu ya kitovu, uvute ndani na juu mara 5. Rudia mpaka kitoke, huku mwingine akitafuta msaada. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, apigwe mgongoni mara 5; kisha umgeuze, ubonyeze katikati ya kifua mara 5. Tumbo lake lisibonyezwe.

Kama chakula chakwama mara kwa mara kwa mtoto aliyekuwa akila vizuri, hata kama hushuka chenyewe, mpeleke. Njia yaweza kuwa imejifunga tena.

NI NANI ALIYEKOSA?

Katika nyumba nyingine matata ya mtoto huyu huzaa maneno. Kikohozi chake si kama cha wengine. Usiku hutapika. Hakui upesi. Basi mjomba au jirani husema, Huyu ana ulozi. Au, Mama alivunja mwiko. Mtoto hutengwa, hunyimwa chakula afunge, au hunyweshwa dawa ya kumtapisha. Ndugu, fahamuni. Mtoto huyu akitapishwa kwa nguvu, uchungu huo huingia mapafuni na huweza kumwua. Na kumnyima chakula mtoto aliyekwisha kukonda ni kumsukuma kaburini.

Mkristo anaijua habari ya mtu aliyezaliwa kipofu, katika Injili ya Yohana sura ya 9. Watu walitafuta mkosaji, yeye au wazazi wake. Bwana Yesu alikataa mashauri hayo, akamponya yule mtu. Nasi tufuate njia hiyo.

Akina baba wa migodini nao huuliza, Je, ni madini? Swali hilo lina haki. Katika 2020 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi uliofanywa Lubumbashi. Walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana kwa macho na watoto 108 wasio nazo. Waliona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi ya madini. Lakini uchunguzi huo ulihusu kasoro za nje, haukuhusu umio. Kwa hiyo baba asijihukumu juu ya mtoto huyu. Hata hivyo ni busara avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kumpakata mtoto, na mama mwenye mimba asioshe wala kupepeta mawe ya madini.

Tena mama asiogope kuzaa tena. Ni mara chache sana ugonjwa huu kumpata mtoto wa pili wa nyumba ile ile. Lakini mimba zijazo zipimwe, na uzazi uwe hospitalini.

AKIENDA SHULE, AKIWA MTU MZIMA

Mweleze mwalimu kabla ya siku ya kwanza. Mwambie: kikohozi cha mtoto wangu hulia hivi, hakiambukizi, mruhusu anywe maji, msimharakishe anapokula, msiwaache wenzake wamcheke. Neno moja la mwalimu huzuia machozi mengi. Mtoto naye afundishwe mapema kueleza hali yake kwa maneno mafupi, bila haya.

Akiwa kijana asifikiri amekwisha pona kabisa. Wengi huzoea kukwama kwa chakula na kuwaka kwa kifua, wakadhani watu wote huwa hivyo. Kumbe maji makali yakichoma umio miaka mingi, ngozi yake ya ndani hugeuka, na kwa wachache huweza kuzaa saratani. Kwa hiyo shauri la 2016 lasema mtoto atazamwe ndani ya umio, kwa chombo chembamba chenye taa, mara tatu kabla ya kuwa mtu mzima. Na baadaye kila miaka 5 mpaka 10, hata kama haoni ubaya. Chombo hicho hakipo katika kila hospitali. Toka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 300, na safari ina gharama. Ndiyo sababu yafaa jamaa waweke akiba kidogo kidogo, wasingoje siku ya hatari.

Sigara aache kabisa. Lutuku vilevile, maana huchoma umio wenye kovu kuliko mwingine. Dada aliyeshonwa umio aweza kuolewa na kuzaa. Akipata mimba amwambie mkunga, kwa kuwa wakati huo moto wa kifua huongezeka.

BARUA YA HOSPITALI

Wazazi wengi hutunza cheti cha ubatizo na kupoteza karatasi ya upasuaji. Itunzeni karatasi hiyo. Ifungeni katika nailoni isilowe. Pigeni picha yake kwa simu, na mpeni ndugu mwingine nakala. Ndani yake imeandikwa ni umio wa namna gani, ulishonwa wapi, ulipanuliwa mara ngapi. Mtoto akiugua mbali na nyumbani, muuguzi asiyejua habari zake ataona kikohozi na homa tu, naye atatibu malaria au kifua kikuu. Huenda kweli ana kifua kikuu, apimwe. Kovu halimkingi na magonjwa mengine. Lakini muuguzi akisoma barua atajua kutazama na mahali pengine pia.

MPELEKE HOSPITALINI UPESI UKIONA HAYA

Midomo imegeuka buluu anapokula au kulia.
Hawezi kumeza hata mate yake.
Anatapika damu, au choo chake ni cheusi kama lami.
Anapumua mbio, ana homa, mbavu zinaingia ndani.
Anakohoa kila anapokunywa.
Uzito wake umeshuka, au haukupanda miezi miwili.
Amemeza sarafu, kifungo, betri ndogo ya saa, au kijiwe.

Baba na mama, msihesabu miaka mliyomlinda mtoto huyu kuwa mzigo usio na mwisho. Kadiri anavyokua, kazi hupungua. Hujifunza mwenyewe kutafuna, kunywa maji, kukataa kipande kikubwa. Siku moja atakaa katika karamu pamoja na wengine, atakula polepole, atakuwa wa mwisho kuondoka mezani. Mwacheni amalize.